Maji ya Mwika, Samaki wa Moshi

Godbless wa Mwika alibeba mizigo ya wageni mlimani miaka kumi na moja, mpaka goti likagoma. Ndipo akapata kazi mjini Moshi, kwenye maabara moja ndogo: kulisha samaki. Samaki wenyewe ukubwa wa vidole tu, wana mistari kama pundamilia, na vifaranga wao wanaonekana mpaka ndani, moyo unauona ukidunda. Nyumbani walimcheka sana. Mwanaume mzima, analisha samaki wasioliwa.

Dk. Aika, mwenye maabara, alimweleza. Unachukua seli za kansa ya mgonjwa, unazipandikiza kwa vifaranga, unawagawa mafungu matatu, kila fungu na dawa yake. Siku ya nne unaangalia kwenye hadubini ni fungu lipi kansa imenywea.

Mwezi wa tatu ikaletwa kansa ya koo ya Mama Yuditha, jirani yake Godbless kulekule Mwika. Seli zilikuwa chache. Nusu zilijaribiwa kukuzwa kwenye chupa, zikakataa. Zilizobaki zote wakapewa vifaranga. Mama wa watu akija kliniki lazima achungulie dirishani, aulize samaki wake wameamkaje.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili. Pampu ikafa, maji yaliyoandaliwa yakaisha. Dk. Aika alikuwa msibani Sanya Juu. Akamwambia Godbless kwa simu asiguse kitu, jioni anakuja na madumu. Lakini Godbless na kusubiri wapi na wapi. Aliwaona vifaranga wanalegea. Akawaza mfongo wa kwao, mfereji unaoshuka toka mlimani, maji aliyokunywa tangu mtoto na tumbo halijawahi kumuuma. Akapanda bodaboda, akarudi na dumu, akayapasha moto kidogo, akawabadilishia.

Alichosahau ni kwamba wiki ile kahawa yote kule juu ilikuwa imepigwa mrututu, dawa ya ukungu. Mkewe mwenyewe aliosha bomba la kupulizia mfongoni. Kwa samaki, mrututu kidogo tu ni sumu.

Saa kumi Dk. Aika aliwakuta wote wamelala chini, weupe. Hakumfokea. Aliuliza tu maji yametoka wapi. Seli nyingine hazikuwepo. Mama Yuditha angepewa dawa wanayopewa wote, imfae isimfae.

Alhamisi mama akaja. Daktari alitaka kumwambia mwenyewe, Godbless akakataa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Baba Rachel. Samaki wangu wamesemaje?"

"Wamekufa, mama. Nimewaua mimi."

Akamsimulia yote, hakuficha hata simu ya daktari. Mama akasikiliza huku anakunja na kukunjua ncha ya khanga.

"Mfongo wetu?"

"Huohuo."

"Maji ninayopikia." Akaiachia khanga. "Sasa nitajuaje dawa gani ni yangu?"

Nesi akaita jina, Godbless akamshika mama mkono mpaka kitandani. Dripu ikaanza kudondoka. Alikaa pembeni hadi ikaisha. Mama Yuditha hakumwambia aondoke, na hakumwambia abaki.