Mashine Iliyonigomea Mbele ya Bosi

Jamani, nichekeni mmalize. Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha sufuria hapa Mtwara. Asubuhi niliwakumbusha wenzangu: chochote kikikatiza mwanga wa usalama mbele ya mashine ya kukandamiza bati, inajizima, isije ikamla mtu vidole.

Bosi alipokuja kukagua, nikasogea mashineni nijionyeshe. Ikazima. Nikamfokea mwendeshaji, Mama Zuhura: "Umeifanyaje?"

Nikaondoka kumwita fundi, ikaunguruma. Nikarudi kifua mbele, ikazima.

"Mama, unanihujumu?"

Wote wakainamisha vichwa, mabega yakitikisika. Bosi akanijia taratibu, akaniwekea kidole tumboni, akanisukuma nyuma. Mashine ikapiga, sufuria ikatoka.

Mama Zuhura akapiga goti kwa heshima zote.

"Shikamoo, kitambi."