Vihra na Neno "Hakuna"

Iskra, daktari wa mifugo, alikuwa ametoka tu kumwekea marehemu mumewe ngano ya kuchemsha na divai kaburini, kama ilivyo desturi ya kuwakumbuka wafu. Ilikuwa Jumamosi ya Mtakatifu Todor, sikukuu ya farasi. Alipowasha simu akakuta Plamen, daktari mwenzake wa zamu, amempigia mara chungu nzima. Akampigia.

Hakukuwa na salamu. "Dada Iskra, uko wapi? Farasi wa Babu Gencho ameanguka! Nimemchoma penisilini, hata sindano sijaiweka chini, akaenda puu!"

"Umemchoma nini?"

"Penisilini!"

Iskra akakimbilia gari. "Adrenalini, Plamen! Mpe adrenalini!"

"Nimeshampa. Njoo, kwa jina la Mungu njoo."

Aliendesha gari huku akisali kwa sauti, na katikati ya sala ile siku ya Alhamisi ikamrudia. Vihra, farasi huyo wa babu, alikuwa amejikata mguu wa nyuma kwenye waya, na mguu umeanza kuvimba. Babu Gencho ni mtu wa maneno machache. Tangu mkewe atangulie mbele za haki, anayezungumza naye kwa kirefu ni farasi yule. Iskra aliegesha simu ukingoni mwa hori, akili mnemba isikilize na kuandika maelezo ya ugonjwa, maana ndivyo walivyofanya kazi siku hizi pale kliniki.

"Babu, amewahi kudhurika na penisilini?" aliuliza.

Babu Gencho alitikisa kichwa huku na huku, polepole, akiuma mdomo. Huku kwetu kutikisa kichwa hivyo ni kusema ndiyo, na ilikuwa ndiyo nzito. Iskra aliiona, akaielewa, akarudisha chupa ya penisilini mkobani na kutoa dawa nyingine. Hakusema neno. Simu ilisikia swali, kisha ikasikia farasi akitafuna majani makavu. Basi.

Miezi miwili nyuma Iskra mwenyewe ndiye aliyeiandikia mashine ile jinsi anavyopenda maelezo yake yawe. Mwenye kliniki alikuwa akimrudishia kazi kwa sababu ya nafasi tupu kwenye maelezo, naye alichoka kurudishiwa. Kwa hiyo akaiagiza: andika kwa ufupi, acha porojo za mwenye mnyama, usiache pengo, jambo lisilotajwa, andika "hakuna." Maelezo yakawa safi, yanapendeza kama shuka iliyopigwa pasi. Plamen alikuwa akimtania, "Dada, umepata mkwe asiyejibizana!" Naye alicheka, akazoea kupitia mistari ya juu tu na kuthibitisha.

Alipofika kwa Babu Gencho, wanawake waliokuwa wakigawa mikate ya sikukuu yenye umbo la farasi walikuwa wamesimama langoni, mikate mikononi, hakuna anayekula. Vihra amelala ubavu kwenye matope, macho yamemtoka, kifua kinapanda na kushuka kama mvukuto. Babu Gencho alikuwa amemkaba Plamen kola.

"Umeniulia mwanangu! Umeniulia!"

"Babu, niachie! Mguu ulikuwa umevimba mpaka pajani, ningefanyaje? Na nilisoma kwanza, ndiyo maana sikukuuliza tena!" Plamen akamrushia Iskra simu. "Soma! Soma mwenyewe!"

Iskra akasoma. *Madhara ya dawa zilizopita: hakuna.* Na chini yake, jina lake, limethibitishwa.

Alisoma tena, kana kwamba herufi zingebadilika zikimwonea huruma. Neno lile lilikuwa limekaa pale limetulia, halina hata aibu.

"Mwachie kijana, babu," alisema. "Ni mimi."

"Nilikujibu, binti yangu! Alhamisi ulisimama mbele yangu hapahapa, ukaniuliza, nikakujibu!"

"Ulinijibu, babu. Nilikuona. Mashine haikukuona."

"Sasa ikaandika kitu isichokijua?"

"Iliandika nilivyoiagiza. Pasiposemwa kitu, iseme hakuna."

Babu Gencho alimwachia Plamen. Alimtazama Iskra bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Mashine haina macho," akasema. "Wewe unayo."

Iskra alipiga magoti kwenye matope, sketi ya kanisani na yote, akaweka kifaa cha kusikilizia moyo kwenye mbavu za Vihra. Moyo ulikuwa unakimbia hovyo. Mungu wangu, usimwache mzee huyu peke yake. Plamen akachoma sindano nyingine ya adrenalini. Wanawake langoni wakafanya ishara ya msalaba.

Ilichukua muda mrefu sana. Kisha moyo ukaanza kwenda kwa mpangilio. Vihra akakoroma, akatupa miguu ya mbele, akaanguka, akajaribu tena. Safari ya tatu akasimama, miguu ikimtetemeka kama mwanafarasi aliyezaliwa sasa hivi. Babu Gencho alimkumbatia shingo akalia bila kujificha.

"Atapona?" akauliza Plamen kwa sauti ya chini.

"Mungu akipenda. Usiondoke hapa hadi jioni."

Iskra alijivuta hadi kwenye ukuta wa mawe. Hapo ndipo wazo likamjia, likampiga kama kwato. Miezi miwili! Wanyama wangapi, na kwa kila mmoja "hakuna" ngapi? Ipi ilisemwa kwa mdomo, na ipi ilikuwa kichwa cha mtu kikitikisika mbele ya simu isiyoona? Alipekua maelezo kwenye simu. Mbwa wa Shangazi Pena, upasuaji Jumatatu. *Madhara ya ganzi: hakuna.* Akapiga.

"Shangazi, samahani kukusumbua siku ya sikukuu. Yule mbwa wako, amewahi kudhurika na dawa ya ganzi?"

Kimya.

"Shangazi Pena, sikuoni. Nijibu kwa mdomo."

"Kha! Si ulishaniuliza, nikakujibu? Mwaka juzi kule mjini nusura imuue! Walimpepea kama mkaa. Kwani huku mmeandika nini?"

"Tumeandika hakuna, shangazi," alisema Iskra, akakata simu na kutafuta jina linalofuata.