Santuri Zilizonusurika Pipa

Juzi, katika duka moja la mji wa Plano, niliona santuri za blues, muziki wa Wamarekani Weusi, ukuta mzima, na kila jalada lilikuwa na mtu mmoja anayetazama chini kama aliyefiwa na ukoo mzima. Nikacheka peke yangu, nikamkumbuka Mzee Roy, jirani yetu wa mtaa wa Vickery Meadow, aliyekusanya santuri kuukuu. Chumba chake kilinuka vumbi na kahawa iliyoungua. Santuri zilitatarika, nami niliamini mwimbaji anakaanga samaki huku akilia.

Alasiri moja alikuwa anakwenda kutupa pipani sanduku zima la santuri. Shangazi Spesi akamzuia mlangoni, mimi nikitafsiri.

“Kwani hizo zina nini?”

“Ni za kucheza na kuchekesha. Blues halisi ni majonzi.”

“Mwambie sisi katika kambi ya wakimbizi tulilia, lakini harusini tulicheza mpaka mahema yakaomba kupumzika. Akihifadhi vilio tu, nani atajua kwamba tulicheza pia?”

Mzee akapiga santuri moja. Shangazi akacheza na ufagio, ghorofa zote zikatikisika. Sanduku likarudi kwenye rafu.

Tangu siku hiyo nilijua blues ni muziki wa harusi, na katika shule ya usiku nikamwandikia mwalimu hivyohivyo. Alinipa nusu ya alama. Ile nusu nyingine bado namdai.