Somo Lililomponza Mjomba

Saa moja asubuhi, kabla kengele haijalia, mwalimu wa saikolojia amekunja mikono ya blauzi na anafagia darasa lake mwenyewe. Anapanga madawati duara, kisha anatoa kikapuni vifaa vya leo: kioo, vinyago vya boksi na picha za nyuso zilizonuna.

Madarasa mengine yote ya chuo hiki cha ualimu hufagiliwa na mfagiaji ambaye kila mtu humwita Mjomba. La kwake hakanyagi.

"Hajakatazwa na mtu," anasema mwalimu. "Ananikwepa, na sina uso wa kumlaumu."

Kwa miaka kumi na miwili amefundisha akili ya binadamu kwa michezo na mabishano. Wanafunzi humwita Mama Kikapu, na wapo wanaotoroka vipindi vya wenzake waje kuchungulia dirishani kwake.

"Ukimwambia mtu kumbukumbu inadanganya, anaitikia huku anasinzia," anasema. "Acha adanganywe na ya kwake, hasahau."

Ndivyo alivyofanya muhula uliopita. Alipatana na mwalimu wa michezo aingie darasani ghafla, kofia usoni, anyakue mkoba wake mezani na kutimka. Kisha akawaambia wanafunzi waandike walichokiona. Zaidi ya nusu waliandika kwamba mwizi alikuwa Mjomba. Kumbe Mjomba alikuwa amepita tu dirishani na ndoo yake, muda mfupi kabla ya hapo.

Mwalimu alifurahi kupita kiasi. Darasa lilibishana mpaka kengele ikalia, naye akaona hasara kuwakatia utamu. Akawaambia jibu watalipata wiki ijayo, akafunga safari kwenda kusahihisha mitihani ya taifa.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Habari ilitoka bwenini ikafika jikoni, imeshatiwa chumvi, na watu wakasema lisemwalo lipo. Wapishi, ambao Mjomba alizoea kunywa nao chai, wakaanza kuficha pochi. Mlinzi akaanza kumpekua Mjomba getini kila jioni.

Aliporudi, mwalimu alisema ukweli darasani, akaurudia mbele ya chuo kizima, mwalimu wa michezo akiwa kando yake na kofia mkononi. Watu wakacheka na kupiga makofi. Mjomba alikuwa amesimama nyuma kabisa, na hakucheka.

Siku chache baadaye mwanafunzi mmoja alimfuata mwalimu ofisini.

"Mwalimu, najua si yeye," alisema. "Lakini nikiikumbuka siku ile, bado namuona yeye na mkoba."

Ndilo jambo lenyewe analolifundisha mwalimu. Inamuuma mpaka leo, na halifichi hilo.

Mjomba tulimkuta nyuma ya bweni, akisuuza matambara. Si mtu wa maneno mengi.

"Yule mlinzi nilimchangia harusi ya binti yake," anasema. "Akanigeuza mifuko mbele ya watoto wa watu. Hayo yamepita. Ila mke wangu aliniuliza, 'Baba, kuna kitu unanificha?' Hilo sijalimeza."

Mwalimu anataka kulifundisha tena somo lile muhula ujao, safari hii jibu litolewe papo hapo. Tena anatamani Mjomba aketi mbele kama mgeni, awasimulie wanafunzi wiki ile ilivyokuwa.

"Hawa wanakwenda kushika watoto wa wenzao," anasema. "Siku watakapotaka kumwita mtoto mwizi, wamkumbuke Mjomba kwanza."

Juzi alijikaza, akamfuata kumwomba. Anasema Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, akakamua tambara, akalianika kambani.

"Fundisha tu, Mwalimu," akamjibu. "Ila siku hiyo uniambie mapema, nisije kazini."