Nondo Wenye Macho Mabawani

Dada yangu alikufa mchana, kwenye mkeka, povu likimtoka mdomoni, na mimi kando yake natapika nisiweze hata kumshika mkono. Tulikuwa tumekula viwavi wa sufuria moja.

Mvua za kwanza zilipoanza, nondo walijaa ukutani kwetu, wakubwa kama kiganja, rangi ya udongo mwekundu. Ukimgusa mmoja anafunua mabawa ya nyuma, na kila bawa lina jicho jeusi lenye duara la njano, linakutazama. Mimi sikuwapenda. Dada alinicheka: "Mtu mzima unaogopa mama wa kitoweo?" Maana nondo hao ndio wanaotaga kwenye miti ya miyombo, na wiki chache baadaye viwavi wanakuwepo.

Kweli, wakaja. Siku ile tuliwakuta wametapakaa chini. Kwetu kiwavi akishuka mwenyewe ndiyo amekomaa, anatafuta udongo wa kujifukia. Walikuwa wamelegea, lakini tukaokota tu, tukifurahi kwamba hatupandi mti. Kumbe tajiri mwenye shamba la kahawa la jirani alikuwa amepulizia dawa ya kuua wadudu asubuhi hiyohiyo hadi ndani ya msitu wetu, na mwenyekiti wa kijiji alijua. Aliambiwa atutangazie, akakaa kimya.

Tajiri bado anavuna. Mwenyekiti bado anafungua mikutano. Basi mkutano ujao wasimame wote wawili mbele yetu, na mwenyekiti aseme kwa mdomo wake kwa nini hakututangazia.