Nyigu wa Baba Pacha

Baba Pacha alikuwa fundi bomba, pande la mtu, mwenye mikono ya kufungua nati zilizoshikana kwa kutu. Lakini buibui, hata yule mdogo wa pembeni mwa dirisha, aliweza kumtimua mbio akaacha kiatu. Na kazi zake nyingi zilikuwa chini ya masinki na nyuma ya matangi, wanakopenda kukaa buibui. Kwa hiyo kabla ya kuingiza kichwa alikuwa anagonga bomba kwa spana, akiwaomba kimoyomoyo watoke kwa hiari. Wateja walidhani anasikiliza presha ya maji.

Siku nyigu mweusi, kiuno chembamba kama uzi, alipoanza kujenga kwa udongo ukutani juu ya kitanda chake, Baba Pacha alimpokea kama mgeni wa heshima. Alikuwa ameshamwona kibarazani akimvamia buibui, akamdunga, akaondoka naye. Kwa hesabu ya Baba Pacha, buibui yule ameliwa, habari yake imekwisha. Akatangaza kwamba dirisha lisifungwe mchana, askari wake asije akakosa pa kupita. Tangu hapo alilala chali chini ya lile donge la udongo, akikoroma kwa amani.

Mkewe, Mama Pacha, alimwacha na furaha yake. Yeye alishona nguo dirishani hapo hapo, na kutwa alikuwa akimtazama nyigu yule akiingiza buibui. Lakini sasa mama yake mzazi, anayekagua nyumba hadi chini ya godoro, alikuwa anakuja kuwatembelea, na ukuta ulitaka rangi. Mama Pacha akashika kisu cha kukwangulia. Mumewe akasimama mbele ya ukuta, akatia ngumu: huyu ndiye anayewamaliza buibui, akifukuzwa yeye atapataje usingizi?

"Anawamaliza?" Mama Pacha aliuliza. "Hebu sogea uone, baba."

Akatoboa donge kwa ncha ya kisu. Buibui wakamwagika juu ya mto, wanene, mguu wa mmoja ukitikisika. Nyigu hawaui, alimweleza taratibu. Huwapoozesha tu, wasije wakaoza. Yaani siku zote hizo mumewe alikuwa amelala chini ya ghala la buibui wazima.

Baba Pacha alikuwa ameshafika mlangoni. Akasema basi, kwangua lote, na mto huo uchomwe moto.

Kisu kiligusa udongo tena. Ndipo Baba Pacha alipouliza nyigu anamwekea nani buibui hao.

"Mwanawe. Huyu hapa."

Alichungulia kwa mbali, kisha akasogea kidogo. Juu ya tumbo la buibui mmoja kulikuwa na kidudu cheupe, laini, hakina macho wala miguu, kinanyonya. Nyigu mama humwachia chakula, mkewe alimweleza, akaziba mlango, basi, hatamwona akikua. Watoto wao pacha walipokuwa wachanga, Baba Pacha alikuwa kazini mbali, akiwatumia unga na sabuni. Walipoanza kutembea hakuwepo.

"Nipe koleo," alisema.

"Ya nini?"

"Nipe tu, kabla sijaghairi."

Akamwinua buibui wa kwanza kwa mguu, uso kaugeuzia pembeni. Alipomrudisha ndani alitoa sauti ambayo mkewe aliahidi hatamsimulia mtu. Akaendelea hivyo hivyo mpaka mto ukabaki mtupu. Mama Pacha akalainisha udongo kwa maji, mumewe akaziba tundu kwa kidole gumba, kama anavyoziba bomba linalovuja.

Rangi ilipakwa siku ile ile. Mama Pacha alizungusha brashi kando ya lile donge polepole, lisipate hata tone. Nyuma yake Baba Pacha alikuwa akisukuma kitanda, godoro na vyote vilivyokuwa juu yake, kukipeleka ukuta wa pili.