Makufuli Mawili ya Lango la Dharura

Kijitabu cha historia kilitoka wiki ile uwanja wa ndege ulipotimiza miaka hamsini, karatasi inang'aa, picha tele. Ukurasa wa kumi na mbili ulisema kwamba kambi ya ndege za jeshi na uwanja wa raia vimetumia njia moja ya kurukia "kama ndugu wa tumbo moja." Dereva mstaafu wa gari la zimamoto alisoma mara mbili, chai ikapoa mbele yake. Ndugu wa tumbo moja. Yeye alikuwa naye mmoja tu, na alimzika kijana wa miaka ishirini na sita.

Siku zile yeye aliendesha gari la zimamoto upande wa raia. Mdogo wake alikuwa fundi wa ndege upande wa jeshi. Kati yao palikuwa na uzio wa waya na lango la dharura. Dereva mwenyewe ndiye aliyetundika makufuli mawili kwenye mnyororo wa lango, la jeshi na la raia, moja limepitishwa ndani ya jingine, ili ufunguo wa upande wowote ufungue. Hata mtoto angeelewa. Lakini wakubwa hawakuaminiana, na watu wasioaminiana hupenda vikao. Kikao kimoja kikaamua kila upande uwe na kufuli lake kwenye komeo lake, lango lisifunguke mpaka funguo zote mbili ziwepo. Dereva alipinga kwa mdomo, akapinga kwa barua. Akaambiwa aache ujuaji.

Miezi minne baadaye banda la ndege za jeshi likashika moto. Alifika langoni king'ora bado kinalia. Ufunguo wa raia alikuwa nao. Wa jeshi ulikuwa ofisini kwa ofisa wa zamu, mwisho kabisa wa kambi. Aliomba kwa redio ruhusa ya kulivunja lango kwa gari. Mkubwa wake akamwambia asubiri. Akasubiri dakika tisa, mikono kwenye usukani, akiutazama moshi. Hasira ya siku ile hajawahi kuitua, na nusu yake anajielekezea mwenyewe, kwa sababu alitii.

Sasa, miaka kumi na tisa baadaye, wamemwita mgeni wa heshima, wanampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wageni wangevuka kwa lango lile lile kwenda kuona ndege za jeshi, naye angetoa neno la shukrani. Meneja wa uwanja akafungua kufuli lake. La pili lilikuwa pale pale, kwenye komeo lake. Hawakubadilisha kitu.

"Ufunguo wenu uko wapi, afande?" meneja alinong'ona.

"Kwa ofisa wa zamu. Nimeshatuma mtu," kamanda wa kambi akajibu. "Mzee wetu, tupe neno wakati tunasubiri."

Dereva alichukua kipaza sauti, akatazama saa yake, akanyamaza. Wageni wakacheka kidogo, wakakohoa, wakaanza kujipepea kwa vile vijitabu. Mke wa meneja akauliza kama mzee anaumwa. Kamanda akanyoosha mkono achukue kipaza sauti; dereva akakivuta kwake.

Hatimaye askari akatokea anakimbia, ufunguo mkononi.

"Hizo zilikuwa dakika sita," dereva akasema. "Mdogo wangu alinisubiri tisa, tena ndani ya moto."